Kijito cha Mama Ndani ya Mashine ya Katikati

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Wateja hakuna. Nawaza ya jana tu. Nilipanda kijijini Manga kumsalimia Mama, nikamkuta anapanda kutoka kijitoni, ndoo ya nguo mkononi, nyonga inamuuma, anashikilia nyasi asiteleze. Na umri ule! Nikamwambia imetosha, ahamie kwangu hapa Nyamira mjini. Nina duka la kufulia, mashine tatu za kufungulia juu, na tangu mke wangu Phanice afariki nyumba ina chumba kitupu.

Akakataa. Akasema alishawahi kuichungulia mashine yangu ikifua, na maji aliyoyaona yasingetosha kunawisha kuku miguu. Nguo zinazungushwa ndani ya uchafu wake wenyewe, zinatoka na joto, usafi hakuna. Yeye hawezi kuhamia mahali ambapo blanketi halizami.

Basi litazama. Nimemwambia aje Alhamisi na lile blanketi zito la kijivu la marehemu Baba, ajionee mwenyewe. Akiridhika, hatashuka tena ule mteremko. Asiporidhika, siku moja nitapigiwa simu kutoka Manga, na simu hiyo naiogopa kuliko kitu chochote.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Calvince Orwa, fundi wa friji na mashine, mtu wa kutoka ziwani. Kijana mpole. Inaudhi. Nimemuuliza kijanjajanja, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mashine hujuaje kwamba imejaa. Akaeleza kwamba kuna kimrija chembamba kinachopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye swichi. Maji yakipanda, hewa iliyo ndani ya kimrija inaisukuma swichi, nayo inafunga maji. Kiwango chenyewe kinawekwa na skrubu ndogo iliyo kando ya swichi.

Kisha akaniangalia sana. "Mzee Machogu, hiyo skrubu achana nayo. Hiyo iliwekwa na wenyewe huko kiwandani."

Nikamwambia hakuna aliyesema ataigusa.

Nimeigusa alipokwenda kula. Mashine ya katikati. Nusu mzunguko, maji yakaongezeka kidogo tu, dharau tupu. Nikazungusha mzunguko mzima. Halafu mwingine, kwa furaha.

Maji hadi shingoni! Nikasimama pale nikiyatazama. Harufu ya maji baridi na sabuni ya kipande ikanirudisha kijitoni, mimi na ndugu zangu Nyakundi na Makori juu ya blanketi lilelile, tunakanyaga, Mama anaimba wimbo wa kanisani na kutupigia makofi tusilegee. Kulikamua ilikuwa kazi ya watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Kisha tulilianika juu ya majani chai ya jirani, naye alilalamika kila mara na hakuliondoa hata siku moja. Siku hizi ndugu zangu wako Nairobi, tunatumiana salamu za Krismasi. Nimezitamani sana siku zile. Nikafunga duka mapema.

Jumatano, 6 Agosti

Dimbwi chini ya mashine. Maji yamezidi, paipu ya chini inatoa jasho kwenye maungio. Nimeifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sasa haivuji, inadondoka tu. Kuna tofauti.

Tatizo la pili ni sakafu. Imeinamia mlangoni, na mashine imeinama nayo. Huwa naikingia makaratasi ya katoni chini ya miguu ya mbele, lakini leo yamelowa yakawa uji. Nilihitaji kitu kisichoyeyuka. Nikakumbuka mpwa wangu Bosire, anayechonga mawe kule Tabaka, alinipa vinyago viwili vya kiboko, vimepigwa msasa na nta hadi vinang'aa. Urefu sawasawa! Nimeviweka chini ya miguu, kimoja huku, kimoja huku. Mashine imesimama wima kama mzee wa kanisa.

Calvince akapita, akainama, akavitazama vile viboko kwa muda mrefu. Akauliza kama kuna mtu nilimuuliza kabla. Nikamjibu kwamba mawe ya Tabaka yananunuliwa hadi ng'ambo, na watu wa ng'ambo si wajinga. Akaenda zake. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama alifika kwa boda boda, gambuti za mvua miguuni, blanketi limefungwa kwenye leso. Calvince akaja bila kualikwa, akamsalimia kwa mikono miwili, akamwita shosho, kama bibi yake. Mama akaniuliza huyu ni mtoto wa nani mwenye adabu hivi.

Nikafungulia maji. Blanketi likazama, likapotea kabisa. Mama akaguna. Mguno mzuri, naujua tangu utotoni. Ningekufa pale ningekufa na furaha.

Maji hayakukoma. Kumbe juzi nilipokuwa nikirudisha kifuniko cha swichi nilikigonga kile kimrija, kikachomoka. Mashine haikujua tena kama ina maji au haina. Yakafika ukingoni, yakaruka. Mtu mwenye akili angefunga bomba. Mimi nikaiweka kwenye kukamua, nikidhani itayatoa maji haraka. Ikatetemeka. Viboko vimelowa, vina sabuni, vikateleza. Mashine ikashuka kutoka juu yake, ikaanza kutembea kwenda mlangoni, polepole, ikiburuta paipu nyuma yake. Paipu ikang'oka. Maji yakapiga ukuta, yakapiga kalenda, yakampiga Calvince. Akawahi kuzima umeme ukutani, kisha akafunga bomba.

Kizingiti cha kuzuia mvua kimezuia maji yasitoke, sakafu nzima ni bwawa. Sikuweza kumtazama Mama. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu shule ya msingi.

Nilipoinua macho, gambuti zilikuwa zimekwisha vuliwa. Mama akamwambia Calvince amsaidie kulitoa blanketi, wakalitandaza sakafuni. Akapandisha gauni, akaweka mkono begani mwangu, akalikanyaga. Akaniuliza nasubiri nini.

Nikavua viatu. Tukakanyaga. Akaimba ule wimbo, sauti imekuwa nyembamba sasa, lakini makofi ni yaleyale, na nilipolegea alinifinya bega. Wakati wa kukamua Calvince alishika pembe mbili peke yake. Nililia kidogo. Nikasema ni sabuni.

Ijumaa, 8 Agosti

Calvince amekirudisha kimrija, amerudisha skrubu ilipokuwa, ameweka klipu mpya kwenye paipu. Viboko amevipanga dirishani. Kumbe miguu ya mashine yenyewe huzungushwa ikarefuka au kufupika! Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mwaka jana.

Mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Maji kidogo. Ya kuku. Mama amerudi Manga na blanketi bichi bila kunipa jibu. Kesho Sabato, nitaomba.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepanda Manga roho mkononi. Nimemkuta anafunga sufuria zake! Anahama!

Majirani walikuwa uani, naye akawaeleza sababu mbele yangu. Nyonga yake angeivumilia, kijito angekivumilia, lakini amejionea kwa macho yake kwamba Machogu hawezi kuachwa peke yake. Tangu mke afe amekuwa hivyo. Na si haki mzigo wote kumwachia yule kijana wa ziwani, ambaye naye ana mama yake.

Majirani wakanitazama kwa huruma. Mimi nikatabasamu tu. Namjua Mama, hawezi kukiri mbele ya watu kwamba ameshawishiwa na mashine.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka nikasikia mtu anakohoa chumba cha pili na chai inachemka. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Nyumba haijawahi kuwa na sauti hizo tangu Phanice.

Sasa nawaza kitaalamu. Ikiwa mashine moja imemleta Mama mjini, tatu zinaweza kuwaleta Nyakundi na Makori kutoka Nairobi. Calvince yuko Kisii hadi jioni. Mama amenipokonya bisibisi, ameifunga kwenye leso. Lakini nimejaribu sasa hivi kwenye mashine ya mlangoni, na skrubu inazunguka vizuri tu kwa kisu cha mkate.