Dhahabu kwa Mtu wa Kawaida

Mbaluka alipowaona wakulima wa Kikima wakikodolea macho anga tupu, alijua riziki yake imefika. Kufikia jioni alikuwa na ukurasa mtandaoni, Mvua Mkononi, wenye pakeji tatu: Shaba ilikuambia mwezi wa mvua, Fedha wiki, Dhahabu siku yenyewe, tena kabla ya jirani yako. Mitambo yake ya utabiri ilikuwa dirisha moja, nalo lina ufa.

Laini ya kupokelea pesa aliisajili kwa kitambulisho cha Ndunge, msichana aliyemwajiri kujibu wateja.

"Nimekuheshimu, dada," alimwambia. Heshima yenyewe ni kwamba polisi wakija, wamshike Ndunge.

Ndunge aliendelea kujibu wateja.

"Mzee Nyamai wa Kalamba anauliza achukue gani," alisema siku moja. "Ana maharagwe stoo, anataka kuwawahi wenzake sokoni."

"Mwambie Shaba inamtosha mtu wa kawaida."

Nyamai akalipa Dhahabu papo hapo, akauliza kama hakuna kubwa kuliko hiyo.

"Umeona?" Mbaluka alicheka. "Makueni hii haina mtu wa kawaida."

"Na akiuliza mvua iko wapi?"

"Mtambo unashughulikia. Asubiri."

Pesa zilipotosha, Mbaluka alikwenda kwanza kwa kinyozi, maana tajiri hatoroki na nywele za wiki tatu. Kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, ile laini ya pesa ikafa kwenye simu yake. Akaipigia kwa laini yake nyingine.

"Mvua Mkononi, hujambo?" Ilikuwa sauti ya Ndunge.

"Wee! Laini yangu umeipataje?"

"Yako? Nimeenda dukani na kitambulisho changu, nikasema imepotea, wakanipa nyingine ya namba ileile. Wateja nawarudishia pesa zao, bosi. Isipokuwa Mzee Nyamai, amekataa. Anasubiri mtambo."

"Ndunge, tafadhali! Tuelewane!"

"Tuna pakeji tatu. Shaba, nakusamehe. Fedha, nakusamehe na siendi polisi. Dhahabu, kwa kila senti uliyo nayo, hayo yote na laini unarudishiwa, na chochote kilichobaki ndani. Lakini wewe chukua Shaba. Inamtosha mtu wa kawaida."

Mtu wa kawaida! Yeye, Mbaluka! Alituma bei ya Dhahabu, akiba yake yote, hata ya kinyozi. Ujumbe ukaingia mara moja:

"Asante kwa kuchagua Dhahabu. Mtambo unashughulikia. Subiri."

"Bosi," kinyozi akauliza, mashine mkononi, "huu upande mwingine unalipia saa hii?"