Bango la Directeur Védaste

Vita viliposhuka kutoka Masisi na watu wakajaa Goma hadi barazani, wengine waliona msiba. Védaste aliona wanafunzi. Familia iliyobakiwa na mtoto mmoja mwenye diploma, alijiambia, itauza hata sufuria ili afike ng'ambo. Akakodi chumba cha ghorofani Birere, akanunua tai, akawa Directeur. Katika masomo yote aliuza moja tu, maîtrise ya graphisme, yaani shahada ya kusanifu picha na herufi, kwa kuwa alikwisha kuchunguza na kuona kwamba hakuna mzazi anayejua ni kitu gani hicho.

Mzee Habarurema naye hakujua. Aliuza ng'ombe wake wa mwisho, yule pekee aliyetembea naye hadi kambi ya wakimbizi, akalipa yote. Kesho yake akamleta binti yake Héritière, mwandishi wa vibao vya maduka, aje achague chuo.

"Chagua, mama," alisema Védaste, akitandaza vijitabu vitatu vya picha. "Montréal, Bruxelles, Beijing. Montréal iko baridi, lakini banafundisha muzuri."

"Typographie, ile kazi ya herufi, inafundishwaka na nani?"

"Na professeur mukubwa."

"Jina yake?"

"Mutu mukubwa vile, hatumuitake jina."

Héritière alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: hutazama picha kabla ya maneno. Msichana wa skafu nyekundu aliyecheka kwenye kijitabu cha Montréal alicheka pia kwenye cha Bruxelles, amegeuzwa tu upande wa pili. Kwenye cha Beijing walimkata miguu, ila skafu ilikuwa ileile. Moyo ulimuuma kwa ajili ya baba yake. Lakini akisema neno, Directeur angepanda pikipiki na ng'ombe wao mfukoni, kwa hiyo alitabasamu.

"Papa Directeur, mulikuwa fasi gani mbele ya kuya Goma?"

"Bukavu, miaka mbili. Batu ya kule mupaka leo banalia juu yangu."

"Basi hapa munakosa sura. Mupige foto na ile tai, mi nitawatengenezea banderole ya metre tatu. Bure."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Védaste aliuliza kama rangi ya tai itaonekana vizuri. Kazi yake yote ilisimama juu ya kutojulikana, lakini nani atakataa kuonekana mkubwa kama mgombea ubunge?

Bango likapendeza: sura, jina, anwani hadi mlango wa ghorofani. Héritière hakulitundika Birere. Alilitundika bandarini, likitazamana na meli zinazotoka Bukavu.

Asubuhi ya siku ya tatu, Védaste alikuwa amefunga begi lake kwa safari ya Kampala aliposikia miguu mingi ikipanda ngazi. Tamaa ikamshika. Akakaza tai, akafungua mlango.

"Karibuni, banafunzi."

Ngazi ilijaa akina mama wa Bukavu kutoka juu hadi barabarani, kila mmoja na risiti ya karo aliyomlipa Védaste mkononi. Mmoja wao, Mama Saumu, alikuwa amekwisha vua kiatu kimoja. Hata hivyo hakuna aliyemsukuma mwenzake, maana Héritière alikuwa amewagawia namba, zimeandikwa kwa herufi safi kabisa.

"Mutoto, nilikukosea nini?" Védaste alinong'ona.

"Papa, mulisema nichague. Nimechagua."

Mwenye namba moja alikuwa ameketi mlangoni tangu alfajiri, kwenye kiti alicholetewa na binti yake. Mzee Habarurema aliinuka polepole, akalitazama lile begi.

"Ngombe yangu," alisema.