Posa kwa Roboti

Jumatatu, 15 Septemba
Nimepata njia! Namtaka Shamsa, binti wa Mzee Muhidini wa hapa Utende, na posa haipelekwi na mwenyewe. Hupelekwa na mtu mzima. Mtu mzima wangu ni Mjomba Shamte, ambaye akipiga hodi asubuhi hulifikia jambo lenyewe baada ya adhuhuri. Na Hafidhi wa duka la simu naye anamtaka Shamsa! Wazee wake wanakwenda Ijumaa.

Mimi nina roboti. Dogo, magurudumu manne, mgeni aliliacha hotelini ninakofanya kazi. Naliendesha kwa programu ileile ninayotengenezea wageni maonyesho ya picha za papa potwe: nabonyeza kitufe kwenye skrini, skripti, yaani orodha ya amri nilizoandika, inaliamuru. Hafidhi atajuta.

Jumanne, 16 Septemba
Jaribio, sakafu ya saruji chumbani kwangu. Mbele sekunde nne, kulia, mbele sekunde mbili, simama. Mara kumi, kosa hakuna. Barua ya posa nimeifunga kwenye leso nyeupe juu ya roboti. Jina la Shamsa sikuliandika, si adabu kumtaja mwari wa watu. Nimeandika “ua la nyumba hii”. Nimejipongeza.

Jumatano, 17 Septemba
Balaa! Nilituma salamu kwamba mjumbe wangu anakuja. Kwa heshima wakatandika mikeka. Nikajibanza nje ya dirisha na laptopu, nikabonyeza. Roboti likapanda mkeka, likateleza, likageuka nusu, likasimama si mbele ya Mzee Muhidini bali miguuni pa dada yake, Bimkubwa, aliyekwisha kuzika waume watatu. Akafungua leso. Akasomewa. Akatabasamu! Akaomba siku mbili afikirie.



Ijumaa, 19 Septemba
Alhamdulillahi! Bimkubwa kanikataa! Baada ya sala kaleta jibu: mwanamume anayetuma toroli kuposa hatamuweza yeye. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna hii.

Kuna zaidi. Asubuhi wazee wa Hafidhi walifika, Mzee Muhidini akawaambia nyumba ina posa ambayo haijajibiwa, hapokei ya pili, warudi wiki ijayo. Na Bimkubwa mwenyewe, Mungu ampe umri, kamweleza kaka yake kwamba ua lililokusudiwa bila shaka ni Shamsa. Mzee kaniagiza nipeleke upya, ila safari hii nilete mtu anayeitikia salamu.

Jumamosi, 20 Septemba
Mjomba Shamte anakwenda kesho. Somo nimelipata: kosa halikuwa langu, lilikuwa la magurudumu. Mjomba ana miguu. Nimemwandikia skripti, karatasi moja tu. Piga hodi. Hatua sita mbele. Keti. Salamu, dakika moja. Mkabidhi Mzee Muhidini barua. Nyamaza.

Nikaona haijakamilika, nikaandika na sehemu ya Mzee Muhidini. Pokea. Soma. Kubali. Nakala yake nimempelekea jioni hii, ajizoeze.