Kurasa Kumi na Nne Kabla ya Samaki

Jumanne, 3 Desemba

Watu watatu! Wiki nzima nimetangaza: Mwakilishi Merle Haugstad atawaeleza wananchi habari za kikao kipya cha bunge la jimbo. Wakaja watatu, na mmoja alikuwa fundi wa hita. Kikao kinaanza Januari. Kiti nilikipata kwa tofauti ya kura tisa. Tisa! Nikizembea, uchaguzi ujao narudi kuuza mbegu.

Anayeniumiza roho ni Ardis Kvamme. Wilaya yetu ina wawakilishi wawili, mimi na yeye. Hatangazi, hahutubii, lakini kila ninayemgusa ananiambia eti Ardis kashamweleza. Wapi? Lini? Mke wangu LaVonne kasema si nimuulize mwenyewe. Nimuulize! Afadhali nichunguze.

Jumatano, 4 Desemba

Nimemfuata Ardis siku nzima. Posta, dakika arobaini anasikiliza habari za goti la mtu. Dukani, habari za ng'ombe. Siasa hata neno! Halafu akageuka, akaniuliza Merle natafuta nini nyuma ya magunia ya chumvi. Nikasema chumvi. Nimenunua magunia mawili.

Siri yake sijaipata. Wanachotaka watu nakijua: Daraja la Tofte. Limefungwa tangu majira ya machipuko, basi la shule linazunguka maili ishirini na mbili, watoto wa chekechea wanapanda alfajiri na theluji hii. Je, bunge litalijenga? Mswada nimeuandika mimi kwa mkono wangu! Umo kwenye taarifa yangu, ukurasa wa kumi na nne, wa mwisho. Ningeuweka mwanzo, wangesikia na kwenda zao. Mimi si mtoto.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimepata! Kesho ni karamu ya lutefisk kanisani, yule samaki wetu mkavu wa kulowekwa magadi. Huja watu mia nne. Ukumbi wa chini unachukua themanini. Waliobaki hungoja juu, kwenye viti vya ibada, kila mmoja na namba yake mpaka aitwe. Wamekaa! Kimya! Wanatazama mbele! Na hakuna Mlutheri atakayeondoka akaiacha namba yake.

Nikamwendea mzee Palmer Brekke, mwita namba wa miaka thelathini, nikamwomba kesho apumzishe koo. Kakubali upesi mno. Kwa nini? Bado najiuliza.

Bi Bernelle Solheim, mkuu wa jiko, kanishika mkono wa shati. Samaki anatiwa maji yanayochemka kwa kufuata namba, kasema. Nikichelewesha watu dakika tano, ni uji. Nikamwambia mama, ondoa shaka.

Jumamosi, 7 Desemba

Ole wangu.

Niliita moja hadi themanini, wakashuka. Nikafungua taarifa. Ukurasa wa pili, sauti ya nyuma ikauliza daraja je. Nikasema subira. Wa tano, wakauliza watatu. Nikasema subira huvuta heri. Kutoka chini wakatuma mtu: ita namba! Nikamwonyesha kidole kimoja, maana yake bado kidogo. Akatumwa wa pili. Ukurasa wa tisa akapanda Bi Bernelle mwenyewe, aproni imelowa, mwiko mkononi. Akatangaza mbele ya madhabahu kwamba ratili tisini za samaki zimeyeyuka, na mwenye hamu alete mrija.

Watu wa hapa hawagombi. Walisema haya basi, wakavaa makoti. Mmoja alinipigapiga begani, na hilo liliniuma kuliko tusi. Ukurasa wa kumi na nne nilimsomea Bi Gladys wa kinanda, ambaye hasikii.

Nikashuka jikoni kuomba radhi. Nani yuko kwenye karai, mikono imejaa povu? Ardis! Wanawake waliokuwa wakikausha sahani walikuwa wanajua yote: mswada wa daraja upo, ni wa Merle, utasikilizwa mwezi ujao. Sentensi moja! Na jina langu kalitaja! Uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza waziwazi huwa anawaambia nini. Kasema kwanza wanamwambia wao.

Nimeona aibu. Kweli nimeona.

Jumapili, 8 Desemba

Ibada. Hakuna aliyekaa nami kwenye benchi ila LaVonne. Baada ya kahawa Bi Bernelle katoa hukumu: Jumamosi ijayo kuna karamu nyingine, ya madonge ya nyama ya kusaga, na Mheshimiwa atakausha vyombo mpaka cha mwisho. Mzee Palmer kacheka hadi kakohoa.

Njiani LaVonne kanisihi, nusura alie. Wanataka daraja tu, mume wangu. Kaa kimya, sikiliza, na daraja ulitangulize. Kura tisa, Merle!

Jumanne, 10 Desemba

Usiku kucha nimetafakari maneno ya Ardis, na leo nimeielewa siri yake. Ni karai! Wanawake wanane, mikono imezama majini hadi viwiko, migongo kwa mlango. Nani ataondoka? Samaki hayupo wa kuharibika. Nimeazima kipaza sauti.

LaVonne nimemsikiliza, sikumpuuza. Daraja nimelihamisha kutoka ukurasa wa kumi na nne. Sasa liko wa ishirini na sita.