Cheti cha Ukalikaji

Katika Australia nzima hakuna anayezijua mbio za magari ya familia kunishinda mimi. Msimu ule wote, raundi tano, sikukosa hata moja. Haya, nilikuwa kwenye kibanda nikigeuza soseji, na moshi nilioushuhudia kwa karibu ulikuwa wa vitunguu. Lakini Merle Hannaford, mmoja wa washindani, alikuja kula kwangu kila raundi, na Merle hali kimyakimya.

Asubuhi ya raundi ya kwanza, Bwana Clive Pettingill alitangaza kwa kipaza sauti kuzaliwa kwa Kamati ya Taifa ya Kuthibitisha Ufamilia wa Magari. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu, yeye. Wajumbe walikuwa bado wanatafutwa.

Ikumbukwe kwamba katika mbio hizi gari kwa nje lazima lifanane na lile la baba kumpeleka mama dukani. Ndani, fundi na Mungu wake. Injini ya Merle ilikaa pale ambapo mama angekaa, na ikinguruma kondoo wa shamba la jirani wanasahau kutafuna. Kamati iliona huu ni upotoshaji wa umma. Kuanzia siku hiyo kila gari lingekuwa na kiti cha nyuma kinachokalika, na mlango wa kukifikia. Mwenyekiti mwenyewe, kwa makalio yake, angekikalia kila kiti dakika ishirini na kutoa Cheti cha Ukalikaji. Asiyetimiza, pointi za msimu mzima kwaheri.

Merle alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule. Miaka kumi na tisa alikuwa akiusaka ubingwa wa taifa, na kila mwaka kuna mtu anamtangulia. Magoti yalishamwambia kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Kwa hiyo alitii. Mumewe, Vern, akaikata bodi ya faibaglasi kwa msumeno, akatia bawaba, kisha akang'oa mto wa kochi la sebuleni.

"Na mimi kriketi nitaitazamia wapi?" akauliza.

"Kakae kwenye gari," Merle akamwambia. "Lina kiti."

Mlango na mto viliongeza kilo kumi na nane. Ukipanda kilima cha Wirrabilla na kilo kumi na nane za utiifu, wenzako wanakupita wakipunga mkono. Hata hivyo Merle alishinda raundi mbili. Aliyemfuata kwa pointi alikuwa Dougal Strachan, mwenye gari jipya na mafundi sita wa sare moja. Dougal alikuwa pia shemeji yake mwenyekiti, jambo ambalo Kamati ililichunguza na kuliona halina uhusiano.

Raundi ya mwisho Merle alimaliza mbele ya Dougal kwa urefu wa pua ya gari. Hata helmeti hajavua, akaitwa mezani.

"Bibi Hannaford," akasema Bwana Pettingill, "kwa masikitiko ya kitaasisi, cheti chako kimebatilishwa. Alhamisi nilikikalia kiti chako dakika ishirini kamili. Kiuno mpaka leo hakijarudi."

"Pole. Sasa ubingwa unakwenda wapi?"

"Kwa mujibu wa utaratibu, kwa gari linalofuata."

"La shemejio."

"La mshiriki namba saba."

Vern alikunja mikono ya shati. Merle akamkanyaga mguu.

"Na chake ulikikalia?"

"Kile si kiti, mama, ni kitanda! Nilisinzia."

"Basi nionyeshe, nami nijifunze. Miaka kumi na tisa nimo humu, sijawahi kuona kiti cha kusinzia."

Watu wakaanza kusogea. Mimi nikaziacha soseji ziungue.

Bwana Pettingill alitembea mpaka kwenye gari la Dougal kwa hatua za mtu anayekwenda kuzindua daraja.

"Uliingilia mlango upi, Mwenyekiti?"

"Huu wa kushoto."

Akashika kitasa. Vidole vikateleza. Akashika tena, safari hii kwa mikono miwili. Ubavu mzima wa lile gari ulikuwa kipande kimoja, laini kama yai, na dirishani lilionekana tangi la mafuta kubwa kama friji, limekaa nyuma peke yake kama bibi harusi.

"Jaribu kwa kucha," Vern akamshauri.

Dougal akamwinamia, rangi imemtoka. "Clive, acha. Hiyo ni stika."

Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa alikuwa ameshaibandua pembe moja ya kitasa. Akaitazama, akawatazama watu, akairudishia taratibu kwa dole gumba.

"Alhamisi," akasema, "ulifunguka."