Kuhusu Crown Yangu, Chumvi Yenu na Magoti ya Bibi

Kwa Mheshimiwa Bwana Kuramitsu,
Mkuu wa Sehemu ya Barabara na Theluji,
Mji wa Nishizuka, Hokkaido.

Mheshimiwa Bwana Kuramitsu,

Pole na baridi. Natumaini paa lako halijaelemewa na bomba lako la maji bado linatiririka. Langu limeganda, lakini hilo sikulaumu, maana nililisahau mwenyewe. Nakulaumu kwa mengine.

Mimi ni Namikawa Daigo, fundi wa magurudumu kwenye karakana iliyo nyuma ya kituo cha treni. Unanijua. Baridi ilipoanza nilikufungia matairi ya theluji, ukasifu kazi, nikakuongezea upepo bure. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wanauliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari. Lakini dunia nimeiona. Osaka nimefika. Nagoya nimefika kwenye maonyesho ya magari, na watu walipiga picha na Crown yangu wakaniomba mimi nisogee pembeni. Kisiwa cha Guam nimelala hotelini, jua likaniunguza mgongo mzima. Kwa hiyo nikisema mji wetu una kasoro, nasema kama mtu aliyelinganisha.

Crown yangu ni ya zambarau na nimeishusha kwa mikono yangu. Sisi watu wa magari hupima nafasi iliyobaki chini kwa pakiti ya sigara. Kwangu mimi, pakiti ikilazwa inapita chini ya gari, ikisimamishwa haipiti. Paka wa jirani akitaka kuvuka anazunguka. Hiyo ndiyo heshima ya gari.

Sasa nasikia Jumatatu mtakaa kikao kuamua kama kile kibao chenu pale chini ya kilima, kinachozuia gari langu kupanda, kibaki mpaka theluji iyeyuke. Naomba mjue mapema mnaamua nini. Kibao kikibaki, bibi yangu Fusae hataoga.

Sisemi nyumbani. Nyumbani anaoga. Nasema kule juu kilimani kwenye chemchemi ya maji ya moto, Alhamisi, siku ya wazee, ambako huloweka mifupa na wenzake wakasengenya mji mzima, kisha wakanywa maziwa baridi ya chupa wakiwa wekundu kama kaa waliochemshwa. Tangu babu afariki, Alhamisi ndiyo siku yake ya kucheka. Siku nyingine anatazama televisheni na kuisahihisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukuta. Kila theluji ikidondoka greda lenu hupita likasafisha barabara vizuri sana, kisha ile theluji yote linaiacha mlangoni kwangu, imeshindiliwa, ngumu kama saruji. Mwenye gari refu kwenda juu anairuka. Mimi naipasua kwa bampa. Bampa tatu zimeshakwenda, na vipande vyake mnavikuta masika mkidhani ni maua. Halafu watu wanasema nazuia barabara! Bwana Kuramitsu, gari langu linakwangua theluji kwa tumbo kutoka karakana mpaka posta, na nyuma yangu lami inaonekana. Hiyo kazi nani ananishukuru?

2. Chumvi. Naelewa chumvi inayeyusha barafu. Lakini mnamwaga kama mnaandaa samaki samoni wa kukausha kwa mwaka mpya. Gari la kawaida linapita juu ya chumvi, langu linapita ndani yake. Limeshakolea. Juzi nililamba ukingo wa mlango, kwa uchunguzi, nikaona kilichobaki ni kuuning'iniza barazani kama samaki huyo. Ekzosi imeliwa na kutu mpaka inaimba sauti mbili. Kuosha chini siwezi, kwa sababu ili niingie chini ya gari hilo itabidi kwanza nipigwe pasi. Naomba chumvi imwagwe upande wa kulia wa barabara tu, na upande wa kushoto tuachiwe wenye mali.

3. Kibao chenyewe. Hapa nitaomba uvumilie, maana mimi niliyeacha shule inabidi nikufundishe kusoma. Gari lililoshushwa tunaliita shakotan. Na Shakotan ni rasi pia, kule baharini, wanakotoka wavuvi. Kwa herufi za Kichina maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Lakini mwandishi wenu, sijui kwa uvivu au kwa baridi ya vidole, ameandika kwa zile herufi nyepesi za watoto wa darasa la kwanza: "MAGARI YA SHAKOTAN MARUFUKU KUPANDA."

Matokeo yake unayajua? Bwana Isoda, muuza samaki, ambaye kila wiki hutuletea chewa kutoka Shakotan kwa gari lake dogo, alifika pale chini, akasoma, akashuka, akasoma tena. Nilikuwepo. Alivua kofia akaitupa kwenye theluji.

"Tumewakosea nini watu wa Nishizuka?" akafoka. "Nimewauzia samaki aliyeoza lini? Mtaje mmoja!"

Nikamwambia, "Bwana Isoda, hapana, wanamaanisha mimi."

"Wewe unatoka Shakotan?"

"Sitoki, ila gari langu ni shakotan."

"Basi wote wawili hatutakiwi," akasema. Akaokota kofia yake, akageuza. "Waambie wale theluji yao, na chumvi si wanayo!"

Tangu siku hiyo sufuria la Bibi ni kabichi na tofu.

Mimi nikapanda, kwa kuwa nilizaliwa hapahapa. Askari akanisimamisha kwenye kona. "Wewe Daigo, hujasoma kibao?"

"Nimesoma, afande. Kinawahusu watu wa rasi. Wamevuka mipaka, na mimi nakiunga mkono kibao."

Aligeuka upande, mabega yakamtikisika, lakini alinirudisha.

4. Magoti. Hili ndilo kubwa, na kama umechoka kusoma, amka. Bibi yangu hawezi kupanda gari refu. Baba yangu mkubwa, Shigeo, ana gari la familia lenye milango inayojifungua yenyewe, viti vya joto na kila uchafu wa kisasa. Alikuja na tabasamu, akampa mkono. Bibi akalitazama lile gari toka juu mpaka chini. "Shigeo, mwanangu, magoti yangu hayapandi ghorofa." Basi la mji je? "Zile ngazi ni za mbuzi." Teksi? Alijishika goti akavuta pumzi.

Lakini Crown! Kwenye Crown Bibi hapandi. Anafungua mlango na kuketi, kama mtu anayeketi juu ya mto sakafuni, basi amefika. Njiani namsimulia mambo ya Guam, anacheka mpaka meno ya bandia yanalegea. Kwa hiyo msiniambie gari lililoshushwa ni upuuzi wa vijana. Gari lililoshushwa ni kifaa cha wazee, kama bakora. Mimi nililishusha kabla magoti ya Bibi hayajaanza kuuma. Hiyo inaitwa kuona mbali.

5. Suluhisho. Sikuja kulalamika tu, nimefikiri. Ninyi mnaniambia niinue gari. Mimi nauliza, kwa nini theluji isishushwe? Pitisheni amri kwamba Alhamisi theluji isizidi kimo cha pakiti ya sigara iliyolazwa. Na kama theluji haisikii amri, kama ambavyo hata mimi sisikii, basi kosa liko kwenye greda. Blade lake, lile bapa la kukwangulia, linaelea juu, linabakiza tabaka, tabaka linakuwa barafu, barafu inataka chumvi, chumvi inakula Crown. Greda lingeshushwa lingekwangua mpaka lami, chumvi isingehitajika, ukuta usingekuwepo, Bwana Isoda angerudi na Bibi angeoga.

Nasonga mbele. Gari refu likiteleza linapinduka. Langu likiteleza linapinduka kwenda wapi? Limeshafika chini. Kwa hiyo, kwa usalama wa umma, shusheni magari yote ya mji: la zimamoto, la wagonjwa, la Mheshimiwa Meya, basi la shule. Tuanze na greda. Springi nitazikata mwenyewe, bure, Jumapili, na rangi ya zambarau imebaki nusu kopo.

Nakuomba kwa heshima zote uyafikishe haya kwenye kikao, na uyasome kwa sauti yako ile nzito, siyo ile ya simu.

Nisalimie mkeo na mbwa wenu. Msalimie yule binti wa mapokezi anayepokea barua zangu akiwa ameziba mdomo. Wasalimie wamwaga chumvi, sina ugomvi nao, wanatumwa. Hata Bwana Todoroki, dereva wa greda, mpe salamu, ingawa yeye ndiye anayenijengea ukuta kila asubuhi na kunipungia mkono juu yake.

Wako mtiifu, mwenye miguu iliyolowa,
Namikawa Daigo

Nyongeza. Bwana Kuramitsu, barua hii bado haijafika posta, na mambo yameharibika.

Leo Alhamisi niliamua kumpeleka Bibi hivyo hivyo, kibao nikakisalimia nikapita. Kwenye kona ya kwanza Crown ikapanda juu ya fungu la theluji ikalala kwa tumbo, magurudumu yakizunguka hewani kama miguu ya kasa aliyewekwa juu ya ndoo. Greda likaja nyuma, likasimama.

"Daigo," Bwana Todoroki akaita kutoka juu, "leo ndiyo umeegesha hapa?"

"Usinisemeshe mbele ya Bibi."

"Bibi yupi?"

Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye theluji, mgongo tayari, nimbebe mpaka nyumbani. Nikageuka. Mlango wazi, kiti kitupu. Nikainua macho. Bibi yangu alikuwa juu ya ngazi ya chuma ya greda, ndefu kuliko mimi, anamalizia kipandio cha mwisho. Alipoketi alifunga mkanda, akatoa yai la kuchemsha kwenye kikoba chake akampa Todoroki.

"Bibi! Magoti!"

"Magoti gani?" akasema. "Panda, wewe, unaingiza baridi."

Tulifika kwenye maji ya moto kwa greda. Alipotoka, mwekundu, na chupa yake ya maziwa, ndipo nikamuuliza.

"Kwenye gari la Shigeo nasikiliza simu zake za kazini mwanzo mpaka mwisho," akanijibu. "Wewe unanidanganya mambo ya Guam. Sasa ningesemaje? Ningesema nataka kukaa na wewe, kichwa kingekuvimba tusipite mlangoni."

Kimevimba, Bwana Kuramitsu, sikufichi. Kofia hainienei.

Kwa hiyo futa namba ya nne. Na bila ya nne, ya tano haina pa kusimama. Kibao kibaki, ila kiandikwe kwa herufi zake, Bwana Isoda arudi. Crown nimeshaifunika blanketi karakanani mpaka masika. Alhamisi ijayo mimi na Bibi tutapanda basi la mji. Amesema yeye atakaa dirishani, na Guam nianze upya, maana mwisho wake siku hizi naurefusha.

Lakini msiitupe barua yote. Tulipokuwa tunashuka, Bibi alilipapasa greda ubavuni, akarudi nyuma kidogo akalitazama, kisha akamwambia Todoroki, "Gari zuri hili, mwanangu. Ila lingeshushwa kidogo tu, lingependeza."

Jumapili niko karakanani kuanzia asubuhi.