Kaya ya Watu Sita

Vita vilipofika kando ya mji, kila mtu alipoteza kitu. Ripoti peke yake alipata ajira. Aliitwa hivyo kwa sababu hatembei bila faili kwapani, na ndani ya faili hilo, msomaji wangu, hamkuwa na kitu ila gazeti la mwaka juzi.

Asubuhi moja aliona tangazo kwenye geti la shule ya msingi, ambayo sasa ilijaa watu waliokimbia mapigano. Shirika la misaada limeacha kugawa unga. Litatoa pesa taslimu, kila familia ijinunulie inachotaka. Familia iwe na watu sita au zaidi, na afisa awakute wanapoishi. Pesa zitatoka kwa alama ya kidole gumba cha mkuu wa kaya. Atakayedanganya, picha yake itabandikwa hapo hapo getini. Wengine waliona msaada. Ripoti aliona soko.

Wakimbizi hakuwagusa; angewaibia nini? Alikwenda kwa walioshiba: mwenye nyumba za kupanga, aliyepandisha kodi mara tatu tangu mabomu yaanze, na jirani yake mwenye duka la mabati.

"Mzee, pesa za bure zinapita mlangoni kwako, nawe umekaa tu?"

"Lakini mimi si mkimbizi," alisema mwenye nyumba.

"Ukimbizi ni mafunzo, mzee wangu. Siku tatu tu unahitimu."

Wakalipa ada bila kubishana. Mwenye nyumba akaja na mkewe, mwenye mabati akaja na shemeji yake. Ripoti akawafundisha kuketi sakafuni bila kupangusa kwanza, kutotazama saa, na kanuni kuu kuliko zote: "Mkiulizwa lolote, msijibu. Lieni. Aliyefikwa hana maneno." Hakuwaambia kwamba gumba litakuwa lake.

Sasa ilihitajika nyumba. Katika darasa moja, chini ya ubao, nyuma ya shuka lililofungwa kamba, aliishi fundi cherehani ambaye cherehani yake ilibaki chini ya kifusi. Shirika lilimkataa kwa kuwa yuko peke yake. Wanawe wawili walikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya mapigano, na nauli ya kuwafuata hakuwa nayo. Aliambiwa watoto wasioonekana hawahesabiwi. Kila uliposikika mlio kutoka upande ule, alitoka nje kutazama huko.

"Dada, niazime kona yako asubuhi moja," alisema Ripoti. "Nitakuingiza kwenye hesabu."

"Na nauli ya kuwafuata wanangu?"

"Ondoa shaka. Mimi tena!"

Fundi alimtazama kutoka kofia hadi viatu, kama anayempima suruali. "Haya, kaka. Karibuni."

Siku ya ukaguzi, afisa wa shirika, binti mwenye miwani na tableti, alipandisha shuka akakuta watu sita kwenye mkeka mmoja.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Ripoti akakohoa. "Mheshimiwa afisa, mimi ndiye..."

"Ni mimi," fundi alisema, gumba tayari limenyooshwa. "Huyu ni mume wangu, umsamehe. Tangu bomu lianguke karibu naye, anajiona mkubwa wa kila kitu. Juzi alikuwa daktari, jana jenerali. Hebu tazama hilo faili lake."

Afisa alilifungua, akaona gazeti la mwaka juzi. Akalifunga taratibu, machozi yakimlenga.

"Ni kweli, jamani?" aliwauliza wengine.

Wakalia. Ripoti hakuwahi kuona wanafunzi wasikivu namna ile. Mke wa mwenye nyumba alilia hadi akapaliwa.

"Lakini mimi ni mzima!" alipaza sauti Ripoti.

"Ndiyo, baba, tunajua," afisa alimbembeleza. "Mama, mwili wake una nguvu?"

"Nguvu anazo, mwanangu. Kazi tu ndiyo hana."

"Basi tumwandike kwenye kuchimba mifereji. Ujira unaongezwa kwenye pesa za kaya, na kazi huwatuliza sana."

Ripoti alitazama dirishani. Kule getini palikuwa na nafasi safi, inayotosha picha yake. Kesho yake akakabidhiwa sururu.

Wale wahitimu walikuja kila siku ukingoni mwa mfereji kudai ada yao, kwa kunong'ona, maana nao walikuwa na sura za kulinda. Ripoti aliendelea kuchimba.

Fundi alipokea pesa, akapanda lori la kwanza. Alirudi siku ya nane na wanawe, wamekonda, wana vumbi hadi kwenye kope, lakini wazima. Aliwashika mikono kwa nguvu mpaka wakalalamika. Alilia barabarani bila kuona haya, na hicho kilio hakufundishwa na mtu.

Walipopita kwenye mfereji, mkubwa akauliza, "Mama, yule anayetukodolea macho ni nani?"

"Baba yenu wa kambo. Msalimieni, asiseme sikuwafunza adabu."

"Shikamoo, baba!" waliamkia wote wawili.

Msimamizi wa mfereji, mtu wa shirika, alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu, anasubiri baba aitikie. Ripoti akaegemea sururu, akajifuta jasho.

"Marahaba," alisema.